Abiria wa treni za Ulaya wanavyohesabiwa

Luxembourg

Mjomba, shikamoo.

Kwenye simu uliuliza nani anasimama mlangoni kuhesabu abiria wote hawa. Hayupo. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya iliyo hapa Luxembourg, hupokea tu hesabu ambazo kila nchi imekusanya kwa kampuni zake za treni. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inayoongoza hesabu hizo ni namba 643 ya mwaka 2018. Metro, yaani treni za mjini za chini ya ardhi, na tramu za barabarani hazimo, na Malta haina reli ya kuhesabu.

Kinachosumbua ni tiketi ya mwezi. Tiketi ya safari moja inajieleza: umepanda wapi, umeshuka wapi, kilomita ngapi. Ya mwezi inanyamaza, basi kampuni inakadiria. Tuseme siku 20 za kazi, kwenda na kurudi: safari 40. Tiketi 1,000 zimekuwa safari 40,000. Watu hao wakianza kufanyia kazi nyumbani siku mbili kila wiki, safari za kweli ni 24,000, lakini asiyebadilisha kadirio bado anaandika 40,000. Ujerumani ndiyo kabisa: tangu Mei 2023 kuna tiketi ya mwezi inayokupandisha treni za mikoani nchi nzima, na haisemi unakwenda wapi. Hapo inabidi kuwauliza abiria wenyewe, au kutegemea vifaa vya mwanga juu ya mlango vinavyohesabu wanaoingia na kutoka. Navyo, watu wawili wakiingia wamebanana, huenda vikaona mmoja.

Mpakani kuna mtego mwingine. Treni ya Paris kwenda Brussels, Ufaransa huandika kilomita zilizo kwenye ardhi yake, Ubelgiji zake. Ukijumlisha kilomita za abiria, yaani kilomita alizosafiri kila abiria, hakuna kinachozidi. Ukijumlisha vichwa, mtu yuleyule amehesabiwa Ufaransa na Ubelgiji pia. Ndiyo maana mimi naiamini zaidi safu ya kilomita.

Hili la mwisho ni lako wewe mtu wa bandarini. Kontena la futi 20 likiwa na tani 10 za kahawa, takwimu za bandari za Ulaya huandika 10, kwa sababu uzito wa kontena hautiwi. Likipanda behewa, takwimu za reli hujumlisha na kontena lenyewe: tani 12 na ushee. Kahawa ni ileile. Usije ukaweka safu hizo mbili pamoja ukadhani mzigo umeongezeka njiani.

Nisalimie bibi na wadogo zangu wote.

Mpwa wako