Barua kwa Fundi: njoo useme kabla kura haijapigwa

Ndugu yangu Fundi,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumaini u mzima wa afya, goti la Mama limepata nafuu, na watoto wanaendelea vyema na masomo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Mwalimu, ambaye kifua kinamsumbua na bado hataki kukosa kikao hata kimoja. Katika barua yako ya mwisho uliniuliza mambo mengi. Nitayajibu yote, lakini si leo. Leo nina jambo moja na lina haraka.

Klabu yetu ya huduma imenikabidhi kazi ya kutafuta watoa mada. Ile nafasi ya dakika 20 baada ya matangazo, kila wiki, ni juu yangu kuijaza. Nimefurahi kupita kiasi, maana unajua nimekuwa nikisema tangu zamani kwamba zile dakika 20 ndizo zinazotupa sababu ya kukutana, nasi tunaziacha zipite bure. Mgeni anakaribishwa, anasema, tunapiga makofi, anapewa cheti, picha inapigwa, kengele inalia, basi. Wiki inayofuata anakuja mwingine na lake. Leo daktari wa macho, kesho mtu wa bima, kesho kutwa yule wa nyuki. (Yule wa nyuki alikuwa mzuri, nakubali. Mpaka leo Mzee wa Kengele akikutana na mtu mlangoni anamsimulia habari za malkia.) Lakini hakuna anayeuliza: haya tuliyoyasikia yanatutaka tufanye nini?

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Kamati ya miradi imeleta pendekezo la kuchimba kisima kipya pale shuleni. Pale pale, Fundi! Hatua chache tu kutoka kwenye ile pampu ya mkono iliyokufa, ile uliyoifungua wewe mwenyewe mbele yetu ukasema kisima hakina tatizo, maji yamo, kilichokwisha ni mipira ya pistoni na beringi. Ukasema ni kazi ya asubuhi moja vipuri vikiwepo. Vipuri havikuwepo, wewe ukarudi kazini kwako, na maneno yako yakabaki na sisi tuliokuwa tumesimama pale. Kamati haikuyasikia. Bodi itapiga kura mwisho wa mwezi. Pesa zipo, klabu rafiki ya ng'ambo imekubali kuchangia, na mchoro wa kibao umeshatengenezwa. Nimeuona: jina la klabu kwa herufi kubwa, mwaka, na nafasi ya jina la mgeni rasmi. Iliniuma sana kuona kibao kimekamilika kabla mtu yeyote hajaenda kuuliza ile pampu ilikufa kwa nini.

Usinielewe vibaya. Mwenyekiti wa miradi ni mtu mwema. Amewaona wale watoto wakija darasani na madumu, na ile picha haimtoki. Anachotaka ni kitu kikubwa, kitu cha kueleweka, ambacho mwanachama akichangia atakiona kimesimama. Kubadilisha mipira ya pampu hakuna uzinduzi. Hakuna utepe. Nani atapiga picha na beringi? Hapo ndipo tulipokwama, na si klabu yetu peke yake.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: njoo uwe mtoa mada wetu kwenye kikao kitakachotangulia kura. Usije na slaidi. Njoo na ule mpira uliochakaa ulioutoa siku ile, kama bado unao, na mwingine mpya, uvipitishe mkono kwa mkono mezani. Wenye klabu waushike. Mtu akishika kitu kidogo namna ile, akaambiwa kwamba hicho ndicho kilichowafanya watoto wa shule nzima warudi kuteka maji mtoni, hatahitaji hotuba ndefu.

Tangu nipewe kazi hii nimekuwa nikisoma historia ya vyama vya huduma kama chetu, maana nilitaka kujua kama kuna mtoa mada aliyewahi kukigeuza chama. Yupo. Mwaka 1925 Lions, chama kimoja cha namna hiyo, walimwalika Helen Keller azungumze kwenye mkutano wao mkuu huko Cedar Point, Ohio. Mama yule hakuona wala hakusikia. Angeweza kuwasimulia maisha yake, wakalia, wakapiga makofi, wakaenda kula. Yeye aliwaomba kazi. Aliwataka wawe watetezi wa wasioona, akaliweka ombi lenyewe wazi mbele yao. Wakalikubali, na mpaka leo, ukiwataja Lions, watu wanafikiria huduma ya macho. Mwaka 1930 klabu yao ya Peoria, Illinois, ikaanza kupaka fimbo za wasioona rangi nyeupe ili madereva wawaone wanapovuka barabara. Fikiria, Fundi. Rangi tu! Na fimbo nyeupe sasa inajulikana dunia nzima.

Nimelifikiria sana jambo hili. Kilichofanya kazi pale ni kwamba mgeni aliomba. Sisi wageni wetu tumewazoesha kutoomba. Barua yetu ya mwaliko inasema "utoe elimu kwa wanachama", na mtu mwenye adabu akiisoma anajua asifungue mdomo kuhusu shida yake. Nimeamua kuibadilisha. Mstari wa mwisho utasema: kabla hujakaa, tuambie unataka tufanye nini, au tuache kufanya nini. Katibu ameguna. Anasema wageni wote watakuja kuomba pesa. Nikamwambia waombe, kukataa tunajua. Na si wote watakaoomba pesa. Wewe, kwa mfano, nakutaka uje utuombe tusichimbe.

Au labda tuchimbe, sijui, wewe ndiye utakayesema. Ikiwa maji yamepungua kweli, sema. Ila ulinifundisha kwamba hata hapo hatuanzi na mtambo wa kuchimba. Kuna upimaji wa kujua maji yako wapi, kuna kusukuma kwa majaribio kuona kisima kinatoa kiasi gani na kinajaa tena kwa muda gani, kuna maji kupelekwa maabara kuangaliwa chumvi na floridi. Na vile vyoo vipya vya shule, je, viko mita 30 kutoka pale panapopendekezwa? Kwenye pendekezo hakuna hata sentensi moja juu ya hayo. Kuna ukurasa mzima wa ratiba ya uzinduzi.

Mwalimu ananiunga mkono, kwa namna yake. Yeye hupenda kukumbusha kwamba Rotary, chama kingine cha namna hiyo, kilichoanzishwa na Paul Harris na wenzake Chicago mwaka 1905, mradi wake wa kwanza kwa umma, mwaka 1907, ulikuwa vyoo vya umma mjini. Vyoo! Anasema hivyo huku akigonga meza mpaka vikombe vinaruka, kisha anakohoa. Maana yake ni kwamba wale watu hawakutafuta kitu cha kujivunia, walitazama barabarani wakaona watu wanataabika. Nami humwongezea polio. Rotary walianza mwaka 1979 na chanjo ya watoto huko Ufilipino, mwaka 1985 wakaamua kuupeleka mpango dunia nzima, na mwaka 1988 wakaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine, wakati ugonjwa ule ulikadiriwa kupoozesha watu 350,000 kwa mwaka, wengi wao watoto wadogo. Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Hesabu miaka hiyo! Na matone yale ya chanjo hayatolewi mara moja yakaisha. Mchanjaji anarudi nyumba ile ile, mtoto yule yule, tena na tena. Hakuna aliyeweza kusimama siku ya kwanza na kusema tumemaliza.

Ndiyo maana narudi kwenye ile spana. Unakumbuka? Ulipomaliza kuifungua pampu ulimgeukia mwalimu mkuu ukamuuliza, "Spana yake ilikuwa kwa nani?" Kimya. Kisha yule mama wa kamati ya maji akasema iliondoka na kijana aliyefundishwa, alipohamia mjini kutafuta kazi. Ukatueleza kwamba Afridev, aina ya pampu ile, imeundwa makusudi ili wanakijiji waifungue wenyewe kwa spana moja tu, bila kumngoja fundi wa mbali, na kwamba mipira ile huisha kwa sababu kazi yake ni kusuguana, hivyo pampu isiyo na mtu wa kuitunza na sanduku la vipuri itasimama tu, hata ikiwa mpya. Sijawahi kusikia mada nzuri kuliko ile, na ulikuwa umechuchumaa kwenye matope. Hiyo ndiyo ninayotaka wanachama waisikie. Anza na spana. Waulize swali lile lile. Waulize juu ya kisima kipya: spana yake itakuwa kwa nani?

Nimefanya jambo jingine ambalo sijamwambia Katibu. Nimemwomba yule mama wa kamati ya maji aje pia, achukue dakika 10 na wewe 10. Tunazungumza juu ya kijiji kile kila mwaka, na sikumbuki hata mara moja mtu wa kule kusimama mbele yetu akasema. Yeye ndiye anayejua kwa nini michango ya kila mwezi ilikoma, na nasikia sababu si uvivu: pesa zilikusanywa, zikatumiwa kwa jambo jingine la shule, na watu wakakata tamaa. Hilo huwezi kulijua kwa kuchimba. Yeye pia anataka safari hii wafundishwe wanawake wawili, kwa kuwa ndio wanaokuwa pale kila alfajiri na hawahami ovyo. Amesema atakuja iwapo nawe utakuja. Basi unaona nilivyokubana.

Machache ya kukuandaa. Mzee wa Kengele hupiga kengele dakika ya 20 hata kama anayesema ni waziri, kwa hiyo usitumie dakika za mwanzo kutusifu. Mtunza hazina atataka hesabu: vipuri, mafunzo, sanduku la akiba, kila kimoja peke yake. Mpe, maana akishawishika yeye, nusu ya meza imeshawishika. Kisha atasimama yule bwana wa suti ya kijivu, unamjua, aseme wafadhili wanataka kitu kipya. Usimkasirikie. Mwambie wafadhili wanataka maji yatoke, na umwonyeshe jinsi ya kuwaandikia ripoti ya pampu inayofanya kazi mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wale wa ng'ambo hawajawahi kupata ripoti ya namna hiyo kutoka kwetu. Naamini wangeipenda kuliko picha za utepe.

Mimi kwa upande wangu nimefungua daftari jipya. Kila mtoa mada ataandikwa: alituomba nini, tulimjibu nini, nani anafuatilia, na lini atarudi kutuuliza tumefika wapi. Ndiyo, arudi. Nataka daktari wa macho aje tena, nataka hata yule wa nyuki aje tena. Ukurasa wa kwanza nimeuacha wazi kwa ajili yako.

Sasa nijibu haya. Utaweza kupata ruhusa kazini? Mipira na beringi za aina ile bado zinapatikana kwa yule muuzaji wako, au amefunga duka? Mabomba ya ndani uliyaonaje, yanaweza kuendelea au nayo yamechoka? Kuwafundisha watu wawili mpaka waweze kuifungua na kuifunga bila wewe kunachukua muda gani? Ukija, utalala kwetu au utaenda kwa shemeji kama safari ile na kutunyima mazungumzo? Mdogo wako alipata ile kazi? Na wewe mwenyewe, mbona kimya hivi, kuna jambo linalokusumbua ambalo hujaniambia?

Niandikie upesi, hata mistari miwili, nipate kuchapa ratiba. Ikiwa tarehe ile haikufai niambie mapema, nitasimama kwenye kikao niombe kura isogezwe mpaka utakapofika. Mtu mwingine kwa nafasi hiyo sitafuti.

Msalimie Mama sana.

Mwenzako,
yule unayemfahamu