Hiyo "hitilafu ya umeme" mara nyingi ni jointi

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua.

Nyumba ikiungua habari inaishia na maneno yaleyale, chanzo ni hitilafu ya umeme, basi, tunageuza ukurasa. Mi ni fundi umeme wa majumbani na hayo maneno yananiuma kwa sababu hitilafu ina mahali pake, na nikiitwa kuangalia soketi iliyoungua mara nyingi sikuti waya umeungua katikati, nakuta umeungua pale ulipoungwa na mwenzake, yaani kwenye jointi.

Mwaka juzi mama mmoja aliniita, kila akipiga pasi anasikia harufu kama ya samaki chumbani, ameshahamisha kabati na kitanda akidhani kuna kitu kimeoza. Nilivyosikia samaki nikamwambia chomoa pasi sasa hivi, zima na mein swichi. Plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto kupita kiasi nyingine hutoa harufu hiyohiyo. Nilipofungua, nyuma ya soketi kulikuwa na konekta ndogo ya skrubu ya kuungia nyaya za taa, imekuwa nyeusi tii, na waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, plastiki yake yote imeachia. Breka? Ipo, nzima, haijawahi kushtuka hata siku moja.

Hapo kwenye breka ndo nataka watu wanielewe vizuri. Breka inaangalia umeme uliozidi au shoti, sasa jointi iliyolegea haizidishi umeme, tena inaupunguza kidogo, kwa hiyo breka inaona matumizi ya kawaida tu inakaa kimya. Hata ile breka ya kuvuja umeme haioni kitu maana hakuna kinachovuja kwenda ethi, ule waya wa usalama wa kupeleka umeme ardhini. Wakati huohuo jointi ikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu na hita inavuta ampea 13, zinatoka karibu wati 17 za joto kwenye kisehemu kidogo kuliko ncha ya kidole, kimezibwa ndani ya ukuta. Kile chuma cha kuchomelea risasi cha mafundi redio, vipo vya wati 15 na vinayeyusha risasi bila shida. Ndo kitu kama hicho kinawaka nyuma ya kitanda cha mtoto.

Kusokota waya kwa mkono na kuzungushia tepu sio kuunga, naomba tuache. Siku ya kwanza itafanya kazi lakini ukiwasha kitu shaba inapata joto inatanuka, ukizima inasinyaa, inalegea kidogo kidogo, gundi ya tepu nayo inalainika na kuachia.

Sasa konekta. Usiulize kwanza fundi ana ipi mfukoni, uliza waya ni wa aina gani na breka yake ni ya ampea ngapi. Soketi nyingi zinavutiwa waya wa milimita 2.5 mraba, na konekta isiwe na ampea chache kuliko breka inayoulinda huo waya. Zile za skrubu zinazokatwa vipande vipande zipo za ampea 5, 15 na 30, kwa macho zinafanana isipokuwa ukubwa, na hiyo ya 5 haina kazi kabisa kwenye soketi. Sizikatai za skrubu, kwa waya mgumu wenye uzi mmoja zinashika vizuri zikikazwa sawasawa, ila kwa waya laini wenye nyuzi nyingi skrubu inakatakata nyuzi, unabaki na nusu ya waya na hujui, hapo lazima ubane feruli kwanza, kile kifuko kidogo cha chuma cha kuvalisha ncha ya waya.

Za kuchomeka tu ni za waya mgumu, ukisukuma waya laini unajikunja ndani haushikwi. Mimi siku hizi natumia sana zile zenye kiwenzo cha kufungua na kufunga. Ile ya kampuni ya Wago namba 221 kwa mfano imeandikwa ampea 32 na inachukua waya mgumu na laini mpaka milimita 4 mraba, wakati ile ya kuchomeka ya kampuni hiyohiyo, 2273, ni ampea 24, kwa hiyo kama soketi zako ziko kwenye breka ya 32 hiyo haikutoshi japo waya utaingia vizuri kabisa. Na uchubue kipimo kilichoandikwa ubavuni, kwenye hiyo 221 ni milimita 11, ukipunguza haushiki na ukizidisha shaba inabaki nje.

Shaba na aluminiamu usiziunge pamoja bila konekta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kuna jointi moja inaninyima usingizi kuliko hizi zote, ya ethi. Ikiachia hakuna harufu, hakuna cheche, soketi inafanya kazi kama kawaida miaka na miaka, mpaka siku birika la umeme liharibike ndani na mtu aliguse, apigwe shoti. Kwa hiyo nikimaliza kuunga navuta kila waya kwa mkono mmoja mmoja na wa ethi nauvuta mara mbili, halafu napima. Na jointi zote ziwe kwenye boksi lenye kifuniko unachoweza kukifikia, usikubali fundi azizike kwenye plasta, na kama inawezekana kuvuta waya mzima bila kuunga basi avute mzima hata kama ni kazi zaidi.

Ombi langu kwako Mhariri, mwandishi wenu akienda kwenye nyumba iliyoungua asiishie kwenye hitilafu, awaulize waliochunguza ni wapi hasa, ni soketi, ni jointi, imeungwa na nini, na mkipata jibu mliandike.

Fundi umeme, msomaji wenu