Malalamiko: Draivu za Pampu na Waya wa Ishara Uliolazwa Vibaya

Idara ya Matengenezo,
Changamwe, Mombasa.

Kwa Meneja wa Huduma,

Bwana/Bi,

MINT: KASI YA PAMPU INAYOYUMBA

Draivu mbili (vifaa vinavyobadili kasi ya mota za pampu) mlizotufungia hazishiki presha ya maji. Fundi wenu alilaumu sensa (kipima presha). Si sensa. Tulikitoa kidhibiti, kinachoiagiza draivu kasi kwa volti, kwenye otomatiki, kikatoa volti 5 tu bila kuitegemea sensa. Mota ikiwa imesimama, draivu inasoma 5.00 imetulia; mota ikizunguka, inaruka kati ya 4.7 na 5.3. Kwa kuwa volti 0 hadi 10 ndizo hezi 0 hadi 50, hiyo ni hezi 1.5 juu na chini, muda wote.

Chanzo kinaonekana kwa macho. Waya wa ishara kutoka kidhibiti hadi draivu umelazwa mita 40 kwenye trei moja na kebo ya mota. Draivu hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hupenyeza kelele ya umeme kwenye waya ulio jirani. Isitoshe, kinga ya waya huo (ganda la metali la kuzuia kelele) mmeifunga ethi, yaani ardhini, ncha zote mbili. Ethi ya paneli na ya chumba cha pampu hazilingani, hivyo mkondo unapita ndani ya kinga yenyewe.

Kisha fundi akapandisha filta ya ingizo, inayolainisha ishara inayosomwa na draivu, kutoka sekunde 0.1 hadi 5. Kelele imefichika, ila draivu sasa inachelewa kuitikia: presha inapita kiwango, inaporomoka, inapanda tena. Hatukubali hilo liitwe marekebisho.

Tunataka, kwa gharama zenu na ndani ya siku 14, waya mpya wa jozi iliyosokotwa wenye kinga, kwenye trei yake, angalau sentimita 30 kutoka kebo ya mota; palipo lazima zikutane, zipishane kwa pembe ya nyuzi 90. Kinga ifungwe ethi upande wa draivu pekee, ncha ya pili izibwe. Ishara ibadilishwe iwe miliampea 4 hadi 20, ambayo haisumbuliwi na kelele kirahisi, na ikishuka chini ya 4 tutajua waya umekatika. Kebo ya mota nayo iwe ya kinga, ibanwe kwa klampu mzunguko mzima, si kwa mkia wa waya. Lagi (vichwa vya kuungia waya) za ethi ziwe za shaba iliyopakwa bati. Hewa ya chumvi hapa hula shaba tupu upesi.

Filta irudishwe 0.1, kisha tupime pamoja, mota ikizunguka.

Wenu,
Mhandisi wa Matengenezo