Buluu haikuandikwa popote

Mhariri,

Makala yenu ya karibuni kuhusu picha na kompyuta niliisoma mara mbili, na mengi nayakubali. Ni kweli picha ya rangi ni arei, yaani jedwali la namba: safu za kulala, safu za kusimama, na kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, namba tatu, kwa kawaida kila moja kati ya 0 na 255. Lakini mwandishi aliposema namba hizo "siku zote" ni nyekundu, kijani, kisha buluu, nilishika kichwa. Hilo "siku zote" limeshanikosesha usingizi.

Mimi ni mpiga picha. Kuandika programu nimeanza ukubwani. Nilitaka kijiprogramu cha kupunguza wekundu usoni. Nikaifungua picha kwa OpenCV, maktaba (mkusanyiko wa programu zilizokwisha andikwa) ya kushughulikia picha, nikaionyesha kwa Matplotlib, maktaba ya kuchora, na dada wa watu akatokea wa buluu kama aliyeopolewa majini. Nikadhani faili limeharibika. Nikachapisha pikseli moja ya shavuni: 118, 146, 205. Shavu gani lina buluu ya 205? Kumbe 205 ndiyo nyekundu, imekaa mwisho. OpenCV huipanga picha buluu, kijani, nyekundu. Matplotlib hutarajia nyekundu itangulie. Ndani ya arei hakuna palipoandikwa "buluu". Kuna nafasi ya 0, ya 1 na ya 2, basi. Majina tunayaleta sisi.

Kosa lililofuata lilikuwa langu mwenyewe. Niliamua kuzihamisha chaneli, yaani namba za kila rangi peke yake, kwa mkono: ya 0 nikaiweka kando kwa jina la a, ya 2 nikaipeleka kwenye 0, halafu a nikaipeleka kwenye 2. Dada akageuka zambarau! Kwenye NumPy, maktaba inayoshika arei hizo, kukata kipande cha arei namna ile si kukinakili. Ile a ilikuwa dirisha tu la kuchungulia chaneli ileile ya 0, kwa hiyo nilipoiandika upya chaneli, nayo a ikabadilika. Shavu likasoma 205, 146, 205, na ile 118 haikuwepo tena popote. Ningeongeza .copy(), amri ya kunakili, mwanzoni yasingenipata. Siku hizi naandika picha[:, :, ::-1], inayozigeuza chaneli kinyumenyume, na kazi imekwisha, ingawa amri za kuchora za OpenCV huigomea arei iliyogeuzwa hivyo mpaka uinakili.

Namwomba mwandishi wenu alifute lile neno, na awaambie wanaoanza wachapishe kwanza pikseli ya kitu wanachokijua rangi yake. Mimi nina picha ya kifuniko chekundu cha kalamu. Nikihamia maktaba mpya, naifungua hiyo kwanza na kutazama namba kubwa imekaa nafasi ya ngapi.

Mpiga picha, msomaji wenu