Zinki ya boti yako imewekwa iliwe: usiipake rangi

Inua mguu wa mashine ya boti, tazama juu kidogo ya rafadha. Kwenye mashine nyingi utaona kipande cha kijivu chenye umbo la pezi dogo, kimeshikwa kwa bolti moja. Hiyo ndiyo zinki. Ikianza kutoboka, mwenye boti hudhani ameuziwa kitu kibovu, akaipaka rangi ili kuiokoa. Akishaipaka, mguu wenyewe ndio unaoanza kuliwa.

Metali inapoliwa huwa inapoteza elektroni. Ndiyo oksidesheni wanayosoma vijana wetu sekondari. Elektroni zikitoka lazima zipokelewe mahali, na huko kupokelewa ndiko ridaksheni. Baharini mpokeaji ni oksijeni iliyoyeyuka majini, na chumvi, kama gramu 35 katika kila lita, hufanya maji yapitishe umeme vizuri. Metali mbili zikigusana ndani ya maji hayo, iliyo nyepesi kutoa elektroni ndiyo inayolipa, mwenzake anapona. Rafadha ya stenlesi kwenye mguu wa alumini: alumini inalipa. Funga zinki hapo, zinki inalipa kwa niaba ya wote.

Mwanafunzi makini hapa atauliza: kwenye jedwali la darasani linalopanga metali kwa wepesi wa kutoa elektroni, alumini iko juu ya zinki, volti -1.66 dhidi ya -0.76. Inakuwaje aliye mpole amlinde aliye mkali? Swali hili ni zuri sana. Jedwali lile linapima metali tupu. Alumini haikai tupu hata sekunde moja. Ikikutana na hewa au maji hujivika utando mwembamba wa oksidi, mgumu, unaoishikilia. Kwa utando huo, alumini ya mashine ikiwa majini huwa mpole kuliko zinki. Chumvi hutafuta mahali pa kuutoboa, na pale palipotobolewa ndipo utakapoona vishimo na unga mweupe chini ya rangi iliyovimba.

Zinki ukijua kuisoma inakupa habari. Ikiliwa polepole, sawasawa, kila kitu ni salama. Ibadilishe ikifika nusu, usingoje iishe. Ikiwa baada ya miezi bado inang'aa kama mpya, usifurahi: haigusani na metali ya mguu, au imepakwa rangi. Na ikiisha ndani ya wiki chache, tafuta umeme wa betri unaovuja, mara nyingi kwenye waya uliochubuka wa pampu ya kutoa maji botini.

Kuifunga hakuhitaji fundi. Kwanza piga alama inapoelekea kabla ya kulegeza bolti, kwa kuwa pezi hilo pia husawazisha usukani. Ukilirudisha upande, boti itavuta kushoto au kulia safari nzima. Kisha sugua kikao chake kwa brashi ya waya mpaka metali ionekane tupu. Usiweke rangi wala gundi katikati. Kaza, halafu pima ukinzani kwa mita ya umeme kati ya zinki na mguu: usizidi omu 1.

Mashine ikiinuliwa juu ya maji, zinki haifanyi kazi yoyote, ila chumvi iliyobaki mguuni inaendelea. Suuza mguu kwa maji yasiyo na chumvi kila urudipo. Na kwa boti zinazolala mdomoni mwa Ruvuma, ambako maji ya mto hutawala, zinki hujifunga ganda na kuzubaa. Huko tunashauri kipande cha aloi ya alumini.

Jambo la mwisho ni rangi za kuzuia chaza na majani. Nyingi zina shaba. Ni nzuri kwa mbao, ila zisiguse mguu wa alumini. Shaba itaifanya alumini ilipe. Sumu ya shaba inayoyeyuka ndiyo inayowafukuza viumbe. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy mwaka 1824 alifunga vipande vya zinki na chuma kwenye mabamba ya shaba yaliyofunika meli za kivita za Uingereza. Shaba ikaacha kuliwa kweli, lakini majani na chaza wakaota, maana sumu haikutoka tena.

Anayetaka kuona kwa macho yake achukue misumari mitatu isiyo ya mabati, aing'arishe kwa msasa. Mmoja auache, wa pili auzungushie waya wa shaba, wa tatu auzungushie kipande chembamba cha zinki. Kila mmoja kwenye glasi yake, maji lita moja yaliyotiwa vijiko 6 vya chai vya chumvi yagawanywe katika glasi hizo. Kufikia kesho yake wa shaba utakuwa na kutu kuliko wote, na wa zinki utakuwa safi, ukungu mweupe ukitanda pembeni mwake. Mabaki ya zinki kwa ajili ya jaribio hilo tunawapa wanafunzi bure hapa karakanani Mikindani.