Ongeeni kwa waifai, lakini laini msizitupe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na vijana, na zaidi na wazee wenzangu wanaoshauriwa na vijana, kuhusu kuachana na laini za simu na kupiga kila kitu kwa waifai ya nyumbani. Tangu faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, ipite mtaani kwetu hapa Ngamiani, ushauri huo nausikia barazani, dukani na hata kwa wakala wa fedha: "Mzee, dakika unanunua za nini? Vuta intaneti nyumbani, laini itupe." Nimekuwa fundi wa simu tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwanzoni mwa 1994, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonifikisha kustaafu. Siwezi kunyamaza.

Wanaosema waifai inafaa kwa maongezi wanasema kweli. Nyumbani kwangu dakika za kupiga hatununui tena. Simu ya zamani ya binti yangu, iliyopasuka kioo kwenye kona na isiyo na laini ndani, imekaa juu ya kabati la sebuleni, na kila jioni mke wangu huitumia kuongea na wajukuu walioko Mwanza mpaka mmoja wao asinzie. Simu ya sauti ya WhatsApp kwa kawaida haili hata MB moja kwa dakika, na aliyelipia faiba ya mwezi mzima hana haja ya kuzihesabu. Usikivu nao ni mzuri. Simu za mezani tulizokuwa tukizihudumia zilikata sauti zote nyembamba, zilizo juu ya hezi 3,400, ndiyo maana "s" na "f" zilichanganyika masikioni na watu wakalazimika kutaja majina herufi kwa herufi. Programu za leo hazina mpaka huo. Mke wangu ana sikio moja zito, na siku hizi anamtambua kila mjukuu kabla hajajitaja. Kwa hilo peke yake nawashukuru waliobuni teknolojia hii.

Ninachokataa ni kuitupa laini.

Namba yako ya simu leo imebeba mambo mengi kuliko maongezi. Umeisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Benki inakutumia namba ya siri kwa ujumbe mfupi kwenye laini hiyo. Ukibonyeza *150*00# au *150*60# kutuma fedha, maombi hayo hupita kwenye mnara wa simu, si kwenye waifai yako, hata kama ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, iko mezani mbele yako. WhatsApp yenyewe, ambayo watu wanaisifu kwamba haihitaji laini, ilikutambua kwa namba hiyo siku ya kwanza, na siku utakapobadilisha simu itakuuliza tena.

Mama mmoja mtaa wa pili, muuza khanga, alihamia waifai moja kwa moja. Laini ikabaki kwenye droo. Baada ya muda kampuni ikaifunga kwa kutotumika, namba ikauzwa upya kwa mtu mwingine kabisa. Aliponunua simu mpya, namba za uthibitisho zikawa zinakwenda kwa mtu asiyemjua, na wateja wake wa siku zote wakitaka kumtumia fedha wanaletewa jina la mgeni. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye mifuko ya bidhaa zake, kwenye daftari la kikoba na kwenye fomu za shule za watoto. Mpaka leo anahangaika. Basi nawaomba wazee wenzangu: laini iwekeni kwenye kitochi cha bei nafuu, na kila mwezi mpige simu fupi au mtume ujumbe ili ihesabike kuwa hai. Na kwenye WhatsApp wekeni ile PIN ya tarakimu sita inayolinda akaunti. Kama hamjui pa kuiwekea, mwiteni mjukuu, lakini mkae naye mwone anachokifanya.

Vijana hunijibu kwa mfano wa Marekani, kwamba huko watu wanaishi bila laini kwa kutumia Google Voice. Ni kweli huduma hiyo hutoa namba inayofanya kazi kwa intaneti, na kupiga namba za Marekani na Kanada ukiwa hukohuko kwa kawaida hakuna malipo. Lakini namba zake ni za Marekani, na mtu binafsi anapojisajili huombwa kwanza namba ya Marekani ambayo tayari anayo. Mfano huo haumsaidii mkazi wa Tanga. Dada yangu yuko Amani, milimani, na simu yake ni kitochi. Nikitaka kumjulia hali, WhatsApp haimfikii. Nampigia kwa laini.

Sasa umeme, na hapa ndipo penye uchungu wangu. Simu ya mezani ilipata umeme wake kituoni, volti 48, kupitia waya uleule uliobeba sauti. Nyuma ya mitambo palikuwa na chumba kizima cha betri, na kazi mojawapo ya zamu ilikuwa kupima maji ya betri hizo na kuhakikisha jenereta inawaka. Mji wote ungeweza kuwa gizani, na ukiinua mkono wa simu bado ungesikia mlio. Hatukufanya hivyo kwa ajili ya kupendeza watu. Tulifundishwa kwamba simu ndiyo kitu cha mwisho kinachoruhusiwa kuzimika. Minara ya simu za mkononi imerithi nidhamu hiyo kwa kiasi, ina betri na mara nyingi jenereta. Ruta ya nyumbani haina chochote. Umeme ukienda, nayo imekwenda.

Wakati wa masika, umeme ulikatika usiku na jirani yetu mjamzito akashikwa na uchungu. Nyumba ile ina simu janja kadhaa, zote zimejaa chaji, na hakuna hata moja iliyokuwa na dakika wala bando, maana walizoea waifai. Aliyeita bajaji ni bibi yao, kwa kitochi chake chenye salio la shilingi mia chache. Mtoto alizaliwa salama hospitalini. Watu wajue pia kwamba WhatsApp haiwezi kupiga 112 ya polisi wala 114 ya zimamoto, iwe kuna umeme au hakuna.

Na si umeme peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya, na watu wakarudi kwenye dakika na ujumbe mfupi. Wenye ndugu Muscat nao wanajua kuwa kwa miaka mingi simu za WhatsApp zimezuiwa kule, ingawa ujumbe unapita.

Kampuni za simu nazo nina ombi kwao. Ipo njia ya kupitisha simu ya kawaida ndani ya waifai kwa namba ileile ya laini, bila programu ya pembeni. T-Mobile ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 2007. Nyumba nyingi za zege zina mtandao hafifu ndani. Huduma hiyo ifunguliwe hapa kwa wateja wote, na simu za bei ya chini nazo ziipate.

Kwa wanaouza faiba na kwa TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ombi langu ni dogo kwa gharama. Faiba ya siku hizi hugawanywa mtaani na vifaa visivyohitaji umeme hata kidogo. Mwanga unapita tu kwenye kioo. Kituo cha mtoa huduma kikiwa na umeme wake wa akiba, kinachozima simu yako ni ruta na kile kiboksi kidogo kilicho ukutani, ambavyo kwa kawaida hutumia volti 12. Betri ndogo inaviwasha kwa saa kadhaa. Mteja aandikiwe wazi kwenye fomu kuwa umeme ukikatika hatapiga simu, na betri hiyo ije pamoja na ruta siku fundi anapofunga, si kuachwa kila mtu aitafute dukani baada ya giza kumkuta.

Fundi wa simu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.