Chai ya artemisia sio dozi ya malaria

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la chai ya mmea wa artemisia, maana huku Kagera saivi unakutana na watu wanauza majani makavu kwenye pakti wanakwambia ni kinga na tiba ya malaria, kunywa kutwa mara tatu basi, na wazazi wananunua wanampa mtoto mwenye homa hata hajapimwa.

Sipingi dawa za miti kabisa. Kwinini ilitoka kwenye magome ya mti, na dawa mseto tunayopewa zahanati, ile ALu, moja ya dawa mbili zilizomo asili yake ni hiyohiyo artemisia. Ila angalieni ilivyopatikana. Mama Tu Youyou wa China alianzia kwenye vitabu vya kale vya kwao, majaribio ya mwanzo yakawa yanampa majibu yasiyoeleweka, mpaka akagundua moto ndo unaharibu dawa, akaikamua kwa etha, kimiminika cha maabara, bila kuichemsha, na mwaka 1971 ndo vimelea vya malaria kwenye panya vikaisha vyote. Akapewa Nobel 2015. Sasa leo sisi tunarudi kwenye sufuria jamani!

Alafu artemisinini yenyewe, yaani hiyo dawa iliyomo kwenye majani, haiyeyuki vizuri kwenye maji, majani ya shamba hili na lile hayalingani nguvu, na ikiingia mwilini inaisha baada ya masaa machache tu, ndo maana inaunganishwa na lumefantrini, ile dawa ya pili kwenye ALu, inayokaa siku kadhaa kumalizia vimelea vilivyobaki. Ukinywa chai homa inaweza kushuka ukajiona umepona kumbe wadudu bado wapo na wanaizoea dawa. WHO walishasema 2019 hawaungi mkono kutumia majani hayo kwa malaria kwa namna yoyote. Na sisi wa Kagera ndo tungeogopa zaidi, wataalamu wameshakuta huku, Karagwe hasa, vimelea ambavyo artemisinini inachelewa kuviua, kama Rwanda na Uganda. Dawa hii ikishindwa tutashika nini?

Wauzaji wadaiwe majibu ya maabara, pakti moja ina dawa kiasi gani. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wapewe hela ya kutosha waupime mwarobaini na miti mingine waliyotumia bibi zetu, kwa subira kama ya huyo mama. Na nyie wahariri mkiletewa tangazo la hiyo chai, msilichape kabla hamjaona hayo majibu.

Msomaji wenu,
Muleba, Kagera